Nyumba Haina Shahidi

Mhadhara kuhusu kasoro zilizofichwa katika mauziano ya nyumba

Naomba radhi mapema kwa mafundi walioketi nyuma. Mengi nitakayosema wao wanayajua kwa mikono, nami nayajua kwa kusoma na kuuliza. Wakisikia nimekosea habari ya zege, wanikatize palepale.

Kusudi langu ni moja. Tunapouziana nyumba, tunamchunguza muuzaji kwa makini makubwa, na nyumba yenyewe tunaiacha bila shahidi hata mmoja. Nitajaribu kuonyesha kwamba kasoro tunazoziita za siri karibu kila mara zina mtu anayezijua, kwamba ukimya wake ndio unaomgharimu mnunuzi, na kwamba tayari tunazo, katika sheria na katika desturi zetu, njia za kumfanya aseme. Sitagusa hati za kughushi wala viwanja vilivyouzwa kwa watu wawili. Hayo yana mihadhara yake. Nazungumzia nyumba ya halali, ya mtu halali, inayouzwa kwa bei ya halali, halafu masika yanafika.

Hebu tuyafuate mauziano ya kawaida ya hapa Dar es Salaam. Dalali anampeleka mteja. Mteja akipendezwa, wakili anapekua kumbukumbu za Msajili wa Hati kuona kama kiwanja kina deni la benki au zuio la mahakama. Pasipo na hati, mwenyekiti wa mtaa anaitwa, anawauliza majirani mipaka, anashuhudia, anagonga muhuri. Mke au mume wa muuzaji anaridhia kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwanandoa mmoja kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba ikiwa ya mirathi, ndugu wanatia saini. Benki ikihusika, mthamini anakuja na kamera yake. Watu wanane, pengine kumi, wameshika kalamu. Sasa nawaulizeni: nani kati yao amepanda darini? Nani amefunua mfuniko wa chemba? Nani ameuliza maji ya mvua hupita wapi? Mthamini, na anisamehe kama yumo humu, anathamini. Anaiambia benki nyumba ingeuzwa kwa kiasi gani, na taarifa yake ni ya benki hata kama ada imetoka mfukoni mwa mkopaji. Wengine wote wameshuhudia jambo moja tu, kwamba huyu ndiye mwenye mali. Ni jambo kubwa, na machozi ya waliotapeliwa yanaeleza kwa nini tumelizungushia mashahidi wengi hivyo. Lakini mtu anaweza kukabidhiwa hati safi ya nyumba inayooza.

1. Kasoro za siri ni chache, na njia zake zinajulikana

Neno "siri" linatupotosha. Linatufanya tudhani kasoro ya nyumba ni kama ajali ya barabarani, jambo lisilo na ratiba. Waulize mafundi wa pwani, watakutajia vyanzo vitano au sita, na maji pamoja na chumvi vitakuwa juu ya orodha ya karibu kila mmoja wao.

Tuanze na chumvi, kwa kuwa inafundisha vizuri. Tofali la saruji lina vitundu vingi visivyoonekana. Kama hakukuwekwa kizuizi cha unyevu kati ya msingi na ukuta, iwe nailoni nzito au tabaka la lami, maji ya ardhini hupanda taratibu ndani ya vitundu hivyo kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Yakifika juu hukauka, lakini chumvi iliyokuwamo ndani yake haina pa kwenda. Hubaki, hugeuka fuwele, na fuwele zikikua nyuma ya rangi huisukuma mpaka itoke magamba. Mchanga ukiwa ulichotwa ufukweni, chumvi haihitaji hata kupanda, kwani imo ndani ya tofali tangu siku lilipofyatuliwa. Wenye nyumba wanaijua dalili: unga mweupe chini ya ukuta, rangi inayobanduka hadi usawa wa goti au kiuno, kabati linalonuka uvundo. Wanaijua pia dawa ya wiki moja. Fundi anakwangua, anapiga skimu ya poda ya jipsamu, anaisugua kwa msasa, anapaka rangi mikono miwili. Kazi hiyo ikifanywa Januari au Agosti, ardhi ikiwa imekauka, ukuta utapendeza kuliko wa nyumba mpya. Lakini jipsamu hulainika ikilowa, na maji yaliyokuwa chini bado yako chini. Masika moja yanatosha.

Nduguye chumvi ni kutu. Nondo iliyomo ndani ya zege zuri hukaa salama miaka mingi, kwa sababu saruji huijengea utando mwembamba unaozuia kutu. Kloridi, ambayo imo katika chumvi ya bahari, huutoboa utando huo. Kutu ikishaanza huhitaji nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, na kwa kuwa ndani ya zege hakuna nafasi, zege hupasuka kwa kufuata mstari wa nondo. Ndiyo maana ufa mmoja ulionyooka chini ya boriti ya zege, au ukingoni mwa roshani, unapaswa kumkosesha mtu usingizi kuliko mtandao wa nyufa ndogondogo ukutani, ambazo mara nyingi ni plasta tu iliyokauka upesi mno. Ufa wa kutu ukizibwa kwa saruji na kupakwa rangi, nondo huendelea kuliwa gizani. Methali yetu inahimiza kuziba ufa ili mtu asije akajenga ukuta. Soko la nyumba limeipokea nusu: ufa unazibwa na mmoja, ukuta anaujenga mwingine.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule uliojaa katika nyanda za Athi kusini na mashariki ya Nairobi na katika mbuga nyingi za Tanzania bara, huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Msingi uliowekwa juu yake bila kuuchimba na kuuondoa, au bila kushuka mpaka tabaka gumu, huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Nyufa zake hukimbia kwa mshazari kutoka pembe za madirisha, na milango hugoma kufunga msimu mmoja kisha ikafunga msimu mwingine. Fundi seremala akija kupiga randa mlango kwa mara ya tatu, tatizo haliko mlangoni. Katika mabonde ya Dar es Salaam hadithi ni ya maji zaidi kuliko ya udongo. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yaliua watu, na serikali ikawahamishia wakazi wengi wa bondeni Mabwepande. Nyumba nyingine zilizolowa msimu ule zilikauka na kupakwa rangi, na ukuta mkavu hausimulii maji yalifika usawa gani.

Majitaka nayataja kwa kifupi, ingawa mtu aliyewahi kununua nyumba yenye tatizo hilo hatakubali kwamba ni dogo. Sehemu kubwa ya jiji hili haijaungwa kwenye bomba la majitaka, kwa hiyo kila nyumba hubeba shimo lake. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, shimo hujaa mvua inaponyesha, na gari la kunyonya linakuwa mgeni wa kila mwezi, au mwenye nyumba anangoja mvua kubwa ili atapishe usiku. Mnunuzi anayekuja mchana wa jua huona mfuniko uliofagiliwa vizuri. Mchwa kwenye kenchi, nyaya za umeme zilizounganishwa kwa karatasi za nailoni, bati lenye matundu yaliyozibwa kwa lami: hayo nayo yanaonekana kwa yeyote mwenye ngazi na tochi.

Mji Mkongwe wa Unguja unastahili maneno machache zaidi, kwa kuwa pale kasoro hufichwa mara nyingi na mtu mwenye nia njema. Kuta za nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zilizojengwa ili zipumue: unyevu huingia na hutoka. Sakafu na dari hubebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba ni vyembamba, kwa kuwa boriti haivuki mbali. Anakuja mmiliki wa leo, anaona chokaa inamong'onyoka, anaamua kuiimarisha kwa plasta ya saruji. Saruji haipumui. Unyevu unabaki ndani, unatafuta njia, unaipata kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, na boriti zinaoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Kwa nje nyumba inaonekana imekarabatiwa, na bei yake imepanda kwa sababu ya kitu kilekile kinachoiua.

Ninachotaka mkione katika maelezo haya yote ni kwamba hakuna hata kasoro moja iliyokuja bila mtu. Fundi alijua alichota mchanga wapi. Mwenye nyumba alijua amepaka rangi ukuta uleule mara ngapi. Jirani anajua maji yalifika dirishani mwaka gani. Siri ipo kwa upande mmoja tu wa meza.

2. Ukimya wa muuzaji unamdhuru hata muuzaji mwaminifu

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hiyo. Hoja yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kununua kitu mnadani. Ikiwa muuzaji anaijua hali ya gari na mnunuzi haijui, mnunuzi hutoa bei ya wastani, bei inayohesabu uwezekano kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Bei hiyo ni tamu kwa mwenye gari bovu na chungu kwa mwenye gari zuri. Mwenye zuri anajiondoa sokoni, ubora wa yaliyobaki unashuka, na bei inashuka tena.

Ipelekeni hoja hiyo kwenye nyumba. Tuseme kuna watu wawili wenye nyumba zinazofanana, zote zikiwa na kuta zinazotoa chumvi. Wa kwanza anabandua plasta yote hadi usawa wa kiuno, anakata ukuta vipande vipande kwa zamu ili aingize kizuizi cha unyevu, anapiga plasta upya na kusubiri ikauke. Ametumia fedha nyingi na miezi kadhaa. Wa pili anapiga skimu na rangi. Siku ya kuuza kuta mbili zinafanana, na mnunuzi asiye na njia ya kuzitofautisha atatoa bei moja. Wa kwanza amepoteza fedha kwa uaminifu wake. Ataongea na shemeji yake, shemeji ataongea na mwenzake, na ndani ya miaka michache mtaa mzima umejifunza kwamba kabla ya kuuza nyumba fedha hupelekwa kwenye rangi. Tabia hiyo watu huiita tamaa. Mimi naiona zaidi kama hesabu, hesabu sahihi kabisa ndani ya soko ambalo halimwulizi mtu swali.

Na gharama haipotei kwa kufichwa. Inakua. Kizuizi cha unyevu kinachowekwa wakati wa ujenzi ni roli ya nailoni na saa chache za kazi. Kikiwekwa baada ya watu kuhamia, mnunuzi analipia kubomoa, analipia kubeba kifusi, analipia kujenga upya, na analipia pango la mahali pengine wakati vumbi likitulia. Mara nyingi anafanya hivyo huku mkopo wa nyumba yenyewe ukiendelea kukatwa mshaharani. Mtu aliyekwisha kumaliza akiba yake kwenye bei hana akiba ya ukarabati, kwa hiyo naye anapiga skimu. Nyumba inauzwa tena.

3. Sheria zetu zinajua tofauti kati ya kunyamaza na kuficha, lakini tunaitumia kwa uchache

Hapa naomba subira ya wasio mawakili. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara ni ya 1961, na mwili wake ulitoka katika Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Kifungu cha 17 kinaeleza udanganyifu, na ndani yake kinatenga mambo mawili. Kunyamaza tu, hata kuhusu jambo ambalo lingembadili mtu nia, kwa kawaida si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mazingira yanamlazimu mtu kusema. Lakini kuficha kwa kitendo, kunakofanywa na mtu anayelijua jambo, ni udanganyifu. Kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba, huku kikiweka kizuizi: aliyeponzwa na ukimya hapewi haki hiyo kama angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida.

Watu wengi husoma vifungu hivi na kukata tamaa: kumbe anayenyamaza yuko salama. Mimi navisoma kwa kuutazama ukuta. Muuzaji ambaye hakugusa ufa wake na hakusema neno amenyamaza. Muuzaji aliyeuziba, akausawazisha, akaupaka rangi wiki mbili kabla ya kumleta mteja hakunyamaza. Amesema, kwa mwiko na kwa brashi, kwamba ukuta huu ni mzima. Kwa maoni yangu skimu iliyopigwa kwa ajili ya mauzo juu ya kasoro inayojulikana inaingia katika kuficha kwa kitendo, na nawahimiza mawakili vijana waijenge hoja hiyo mahakamani badala ya kumwambia mteja kwamba mnunuzi hujihadhari mwenyewe. Tatizo lililobaki ni la ushahidi. Nani atathibitisha kwamba muuzaji alijua? Risiti ya rangi haitoshi. Hapo ndipo shahidi wa nyumba anapohitajika, nami nitarudi kwake.

Mafundisho mengine ya kisheria yanayotuzunguka yamekwenda mbali zaidi. Sheria ya India ya Uhamisho wa Mali ya 1882, iliyotumika Kenya mpaka sheria mpya za ardhi za 2012 zilipoiondoa, ilimtaka muuzaji amweleze mnunuzi kasoro kubwa ya mali ambayo yeye anaijua na mnunuzi hawezi kuigundua kwa uangalifu wa kawaida, na ikahesabu kutokusema kuwa ni udanganyifu. Kongo, ambako mamilioni ya Waswahili wenzetu wa Lubumbashi, Bukavu na Goma wanauziana nyumba, amri ya 1888 kuhusu mikataba ilirithi fikra ya Ufaransa na Ubelgiji kwamba muuzaji hudhamini kasoro zilizofichika hata kama yeye mwenyewe hakuzijua, isipokuwa wamepatana vinginevyo. Na kabla ya sheria zote hizo pwani yetu ilikuwa na fikihi. Fikihi ya Kiislamu ina kanuni iitwayo khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta kasoro iliyokuwapo kabla ya mauziano na hakuelezwa, ana hiari ya kurudisha kitu na kuchukua fedha zake. Leo mahakama za kadhi hushughulika zaidi na ndoa, talaka na mirathi, lakini wazo lenyewe si geni kwa bibi yeyote wa Mombasa au Pemba. Tazameni neno. Katika Kiarabu "aibu" ni kasoro ya kitu na pia ni fedheha ya mtu. Sisi tumelichukua kwa fedheha na kuiachia kasoro maneno mengine, "ila" na "dosari". Fikihi bado imeziweka pamoja, ila ya ukuta na aibu ya aliyeuuza.

Sasa niyajibu mapingamizi, kwa sababu nayaona kwenye nyuso.

La kwanza ni la dalali, na si la kipuuzi: mnunuzi ana macho, na wazee walikwisha kusema nyumba njema si mlango, kwa nini hakuingia ndani akatazama? Nakubali kwamba anatakiwa kutazama. Nyumba iliyoegama haihitaji tangazo. Lakini hoja hiyo inaishiwa nguvu pale macho yalipozuiwa makusudi. Huwezi kumziba mtu macho kwa rangi kisha ukamlaumu kwa kutoona. Na kuna mambo ambayo hata mhandisi aliyesajiliwa hatayaona siku ya jua, kwa mfano maji ya bondeni, ambayo huonekana siku chache tu kwa mwaka.

La pili ni kwamba muuzaji pengine naye hajui. Ni kweli, na tunao mfano ambao hauna haja ya kutiwa chumvi. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa chini ya macho ya wataalamu na ikifanyiwa ukarabati tarehe 25 Desemba 2020, na bado sehemu yake iliporomoka na kuua watu wawili. Kama jengo linalotazamwa hivyo linaweza kufanya hivyo, mjane anayeuza nyumba ya marehemu mumewe atajuaje hali ya nondo? Ndiyo maana sidai muuzaji adhamini nyumba. Nadai aseme anachokijua, na asipojua aandike "sijui". Neno "sijui" lililoandikwa na kutiwa saini ni taarifa kamili kwa mnunuzi: linamwambia aende na fundi wake.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, nami sitajidai kulimaliza. Wapo wanaosema kwamba ukaguzi na makaratasi ni anasa za mitaa ya matajiri kama Masaki na Oysterbay, na kwamba katika makazi yasiyopimwa, ambako watu hujenga chumba kimoja kwa miaka mitatu kadiri fedha inavyopatikana, kila nyumba ingeonekana ina kasoro na mali pekee ya maskini ingeshuka bei. Kuna ukweli ndani yake. Kusema wazi kutashusha bei ya baadhi ya nyumba, na wenye nyumba hizo wataumia. Lakini tuulize nani anaumia sasa. Anayenunua nyumba ya shilingi milioni 18 bondeni naye ni maskini, na akiba yake ya maisha ndiyo inayokwenda na maji. Ukimya unachukua hasara kutoka kwa maskini mmoja na kumkabidhi mwingine, ukimpa wa kwanza muda wa kuhama. Kuhusu gharama, ninachopendekeza hakina bei ya Masaki, kama mtakavyosikia.

Pingamizi la nne nalipita haraka: maneno "nimeuza kama ilivyo" yanayowekwa mkatabani. Yana maana kuhusu mambo yanayoonekana. Sioni yanavyoweza kumsafisha mtu aliyebadilisha kwa makusudi namna kitu "kilivyo".

4. Tuwaite mashahidi ambao tayari tunao

Kwanza, serikali ya mtaa inaita majirani kuthibitisha mipaka. Majirani walewale, wakiwa wamesimama palepale, wanaweza kuulizwa maji ya masika hufika wapi. Ni swali moja zaidi, na jibu lake linaandikwa kwenye karatasi ileile inayogongwa muhuri uleule. Sijui mtaalamu wa kigeni anayeweza kutupa ushahidi bora kuliko bibi aliyekaa uani jirani miaka 30.

Pili, mkataba wa mauziano uambatishwe karatasi moja ya maelezo ya nyumba, kwa Kiswahili, iliyojazwa na muuzaji kwa mkono wake. Nimeandaa maswali sita. Maji ya mvua hupita wapi, na yamewahi kuingia ndani? Kuta zipi zimepigwa plasta, skimu au rangi katika miaka miwili iliyopita, na kwa sababu gani? Nyumba ilijengwa mwaka gani, na nani, na michoro ipo? Shimo la majitaka liko wapi na hunyonywa mara ngapi kwa mwaka? Dari limewahi kuvuja, au kenchi kuliwa na mchwa? Mamlaka yoyote imewahi kuandika barua au kuchora X ya kubomoa kwenye nyumba hii? Karatasi hiyo ndiyo inayolijibu tatizo la ushahidi nililoliacha njiani. Muuzaji aliyeandika kwamba ukuta haujaguswa, kisha fundi akabandua skimu ya mwezi uliopita, hawezi tena kusimama nyuma ya ukimya, kwa kuwa hakunyamaza. Sheria ya Ukomo wa Muda inampa mwenye madai ya mkataba miaka 6, na hiyo ni masika sita ya kuijaribu karatasi.

Tatu, sehemu ndogo ya bei ibaki mikononi mwa mtu wa kati, wakili au benki, mpaka masika moja yapite. Wakandarasi waliomo humu wanaujua utaratibu huu, kwa kuwa wao huzuiliwa sehemu ya malipo mpaka muda wa kurekebisha kasoro uishe. Tuchukue mfano wa kufikirika: nyumba ya shilingi milioni 120, na asilimia 5 imezuiwa. Hizo ni milioni 6. Hazitajenga msingi upya, lakini zinatosha kumfanya muuzaji afikiri mara mbili kabla ya kununua ndoo ya rangi, na muuzaji mwaminifu atazipata zote Juni. Wauzaji wenye shida ya haraka watakataa, nami nawaelewa. Hao wapunguze bei na waseme kwa nini. Mnunuzi asiye na uwezo wa kuzuia fedha anaweza angalau kuchagua msimu wa kutazama. Nyumba ya pwani itazamwe Aprili, viatu vikiwa na tope.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayosubiri Bunge. Mwenyekiti mmoja wa mtaa anaweza kuanza Jumatatu kwa kuongeza mstari kwenye fomu yake, wakili mmoja anaweza kuiambatisha karatasi kwenye mkataba wake ujao, na benki yoyote inayokopesha kwa dhamana ya nyumba ina sababu zake yenyewe za kuidai. Ikishazoeleka, watunga sheria watakuwa na kitu cha kukipa nguvu, na wale waliokarabati vizuri watakuwa na mahali pa kuandika kazi yao ili ilipwe.

Nakala za karatasi ziko mezani karibu na mlango. Mtaona kwamba chini ya swali la sita kuna mstari wa saba, hauna maneno. Huo nimewaachia mafundi. Kalamu zipo, na kabla hatujafungua mjadala, naomba kila fundi aliyeko nyuma aandike pale swali moja ambalo yeye angemwuliza muuzaji, na ambalo hakuna mnunuzi aliyewahi kuliuliza. Vuli ikianza tutakutana tena hapa kuyasoma, na tutaanza na mwandiko ulio mgumu kusomeka kuliko yote.